Wanajifunza kutuangalia mu telefone

Baba na mama wa ku migodi, munamujua ule mutu. Anafika asubui na kaye mu mukono, viatu vyake vingali safi, anasalimia muzuri, anaomba kuikala kidogo pembeni ya shimo ao pa mulango wa nyumba. Anasema eko anatayarisha doktora, ndiyo masomo ya juu kabisa ya chuo kikuu, na profesa wake amemutuma kuja kuona ginsi tunaishi. Anakaa siku kumi, mara ingine miezi. Kisha anaenda, na siye tunabakia kujiuliza: aliandika nini?

Swali hilo ni la zamani. Leo nataka kuongeza lingine: huyu mutu, kazi ya kuangalia, nani alimufundisha, na kwa njia gani? Juu sasa wengi wanaifundishwa kwa intaneti. Mwezi wa tatu mwaka 2020, wakati wa korona, vyuo vikuu vilifungwa hapa kwetu na karibu dunia yote, na masomo yakaingia mu telefone na mu ordinatere. Ugonjwa ulipita, masomo mengi yakabakia humo. Profesa anaweza kuwa Ulaya, mwanafunzi mumoja Lubumbashi, mwingine Goma, mwingine Kanada, na wote wanafundishwa pamoja ginsi ya kuingia mahali pa kazi ya watu wengine, kuona, kusikia, na kuandika. Musifikiri ni mambo ya wasomi tu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa, na maandiko ya watafiti yanasomwa na wale wanaoamua kama mawe ya muchimbaji wa mikono yanunuliwe ao yakataliwe. Mutu akiona mubaya ataandika mubaya, na bukari ya watu itapunguka.

Wengine wanasema kama kufundisha kuangalia kwa telefone ni bongo tupu, sawa kufundisha mutoto kuogelea juu ya kitanda. Mimi sikubali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafundishika kwa mbali. Kuna kitu kingine hakipiti mu telefone, na pale njo matata iko.

Tuanze na kazi yenyewe. Mutu wa chini ya udongo, mbele ya kuanza kazi, anagonga dari kwa baramini. Sauti ikiwa ngumu, anaingia. Ikiitika sawa ngoma, anajua jiwe limeachana na lenzake, anarudi nyuma na kuita wengine. Alijifunza wapi? Alisimama pembeni ya muzee, muzee akamuambia: "Sikia. Hapana, sikia tena. Sasa uniambie umesikia nini." Muzee hakumupa maana kwanza. Alimulazimisha kusikia, kisha kusema, kisha akamusahihisha. Maprofesa wanaita kitu hicho kwa majina marefu, lakini somo ni lile lile.

Mwanafunzi wa doktora naye, macho iko nayo. Shida yake ni kama kichwa kinakimbia kupita macho. Tuseme amefika pa shimo saa kumi, anaona wanaume ine chini ya muti na chupa ya lutuku. Anaandika: "Wachimbaji wanakunywa sana, hawawazi kesho." Profesa muzuri atamurudishia ile karatasi. Hiyo "sana" uliiona wapi? Chupa zilikuwa ngapi? Nani hakukunywa? Walikuwa wanangojea nini? Mwanafunzi anaandika tena: watu ine, chupa moja, wawili wanakunywa, mumoja analala, mumoja anainua kichwa kila mara motokari inasikilika ku barabara. Nyuma yao mifuko tisa, imefungwa tayari. Kumbe! Walikuwa wanangojea negosia aje kununua, na mutu mwenye mifuko tisa hawezi kuiacha aende kulala nyumbani. Andiko la kwanza lingesaidia mukubwa fulani kusema "hawa ni walevi, tuwaondoe." La pili linafanya mutu aulize kwa nini negosia anachelewa mpaka usiku, na bei inakuwaje wakati giza imeingia na muchimbaji amechoka kungoja.

Somo hilo linaweza kufundishwa kwa intaneti, tena muzuri. Profesa anatuma filme fupi, dakika tano, watu wako ku kazi. Wote wanaiangalia bila sauti na kuandika. Kisha wanaiangalia na sauti, wanaandika tena. Kisha kila mumoja anasoma maandiko yake mbele ya wenzake, na haya inaingia: watu kumi wameona filme moja, wameandika filme kumi. Mumoja hakuona hata kidogo mwanamuke aliyepita nyuma na ndoo. Mwingine ameandika "kapita" juu tu mutu yule amevaa kaske ya rangi ingine. Na hapa intaneti inashinda chumba cha kawaida, juu wanafunzi wa mahali pamoja wanazoea kufikiri pamoja. Kwa intaneti, wa Likasi anaweza kuambia wa Ulaya: "Ule mutu hakasirike, banasemaka vile, ni rafiki yake."

Kuna zoezi lingine ninalipenda kuliko hilo. Mwanafunzi anatumwa kuikala saa moja mahali anapoishi, pa kisima, pa kituo cha taksi, mu jikoni ya mama yake, bila kuuliza mutu swali, na kuandika kila kitu siku ile ile mbele ya kulala. Usiku ukipita, mutu anaanza kutunga. Wengine wanakasirika, wanasema hawakuingia doktora kwa kuangalia mbabula. Waache wakasirike. Mwenye hawezi kuona mu jikoni ya kwao nani anapewa nyama kwanza, nani anakula kisha wote, nani anasema ameshiba na hajashiba, huyo akija Kolwezi ataona nini?

Jikoni si kitu kidogo. Mwaka 2003 Gécamines ilipunguza wafanyakazi: zaidi ya watu 10,000 waliondoka mu ule mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi, na feza ya Banki ya Dunia. Mu karatasi za biro hesabu ilikuwa nyepesi: jina, miaka ya kazi, feza ya mwisho. Lakini mushahara ule mumoja ulikuwa unalisha nani? Masomo na lopitali ya kampuni vilikuwa vinabeba watoto wa nani, wa ndugu gani, wa mujane gani? Karatasi haikusema. Kwa kujua hayo ilihitaji watu waikale mu nyumba na kusikiliza. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amefanya kazi hiyo mbele. Kitabu chake juu ya "bana Shaba" walioachwa na baba yao kilitoka mwaka 2001. Benjamin Rubbers wa Liège aliifanya kisha, mu nyumba za wale walioondolewa, na akaandika kitabu mwaka 2013. Someni vile vitabu, ao muombe mutoto mwenye kusoma awasomee: hakuna hesabu ya biro inayofikia pale.

Sasa tufike pa kile kisichopita mu telefone.

Kamera inaonyesha kile mwenye kamera alichagua. Munajua wenyewe: filme za Kolwezi zinapenda shimo kubwa likamatwe toka juu, watu wengi sawa siafu, vumbi, basi. Hatuone mutu yule yule jioni anaosha miguu na kuuliza mutoto wake alisoma nini leo. Mwaka 2023 kitabu cha Siddharth Kara, Cobalt Red, kilisomwa sana mu Marekani na Ulaya. Watafiti wengi wanaojua Katanga walikikosoa, na mashitaka yao moja ilikuwa kama kinaonyesha watu wetu sawa watu wa kuhurumiwa tu, wasio na akili wala mupango wao. Sisemi kama mateso hayako. Yako, na tunazika watu. Nasema kama mutu akiangalia toka juu, ataona siafu.

Tena kuna jambo ambalo lilitokea hapa hapa, na lingefaa kuwa somo la kwanza la kila mwanafunzi. Mwaka 1966 Johannes Fabian, Mudachi, alikuja Katanga kutayarisha doktora yake juu ya Jamaa, ile kikundi kilichotoka mu mafundisho ya padri Placide Tempels na kilichojaa watu wa Union Minière na wanawake wao. Wazee wengine wangali wanaikumbuka. Huyu kijana alikuja tayari kuangalia, sawa vile alifundishwa: nguo za ajabu, ngoma, vitu vya ibada. Hakupata. Watu wa Jamaa walikuwa na mavazi ya kila siku, wanaikala, wanasema. Maneno njo yalikuwa kazi yenyewe. Basi akalazimika kujifunza Kiswahili chetu, hiki cha Katanga, si kile cha vitabu, na kukamata sauti za watu mu mashini. Miaka mingi alirudia jambo moja: sayansi ya kuangalia watu inapenda macho kupita kiasi. Mu kitabu chake cha mwaka 1983, Time and the Other, aliwashitaki wenzake: munaikala na watu, munakula nao, munasema nao wakati mumoja, kisha munarudi kwenu na kuwaandika sawa watu wa zamani.

Masomo ya intaneti yanaongeza ugonjwa ule ule wa macho. Mwanafunzi anaona kioo, anafikiri ameona mahali. Kiswahili anakisoma chini ya filme, kimetafsiriwa tayari, na hajui nani alitafsiri na aliruka nini. Joto hana. Harufu ya asidi mu nguo za mutu wa kiwanda hana. Hata kungoja hana, na kungoja ni nusu ya maisha ya mugodi: kungoja negosia, kungoja gari la kazi, kungoja tarehe ya mushahara. Filme inakata yote ya kungoja.

Mutaniuliza kama telefone haina faida basi. Iko nayo, kwa mutu fulani. Kumbukeni mwaka 2020, kampuni zingine ziliwafungia wafanyakazi ku kazi, wiki kwa wiki, bila kurudi nyumbani, juu ya korona. Wanawake walibakia na telefone. Bwana anasema "niko muzuri", na mama anasikia kikohozi anachokizuia, anasikia sauti za watu wengi nyuma, anaona kama leo hakutaja chakula. Mama huyu hakuona kitu na macho, na alijua mengi. Alijua juu amekaa na bwana huyu miaka kumi na tano. Telefone inaendeleza kujuana ambako kulianza mahali pengine. Mwanafunzi aliyekaa miezi sita mu kartie, akarudi kwake, anaweza kuuliza kwa telefone na kusikia kile hakikusemwa. Yule ambaye hakuikala na mutu hata siku moja atapata majibu, ataandika majibu, na majibu yatakuwa yale mutu anampa mugeni.

Kwa hiyo sikubali teze juu yetu iliyofanywa yote kwa intaneti, hata kama somo la kuangalia lilifanywa vizuri kwa intaneti. Somo ni sawa. Kisha nauli.

Na nauli ya nani? Wakati watafiti wa Ulaya hawakuweza kusafiri, watu wa hapa walifanya kazi yao: waliuliza, walitembea, walipiga picha, walituma. Ku Bukavu watafiti wa Kongo waliandika waziwazi juu ya mambo hayo, mu maandiko yanayoitwa Bukavu Series: wao njo wanaingia mahali pa hatari, na jina lao halionekane juu ya kitabu. Masomo ya mbali yasipoangalia, yatafundisha vijana wa Ulaya kuwa na macho ya kukodi. Mwanafunzi akae Gand anaangalia, mutu wa Kamituga anatembea. Hapana.

Ningependa jambo lingine. Mu darasa lile la intaneti, profesa aweke muchimbaji. Ao mama mwenye kuosha mawe, ao muzee wa Gécamines mwenye pansio. Asiletwe kwa kuhojiwa, hapana. Aletwe kwa kusahihisha. Wanafunzi wasome maandiko yao, yeye aseme: "Hapa umeruka kitu." Na alipwe sawa wanavyolipa mwalimu, pamoja na mega za telefone, juu mega zinaisha mbio na kura inakatika kila siku, munajua.

Tuseme darasa linaangalia filme ya soko la Musompo, pembeni ya Kolwezi, pale mifuko inapimwa na kuuzwa. Mwanafunzi anaandika: "Negosia anaweka mashini juu ya mawe, anasoma hesabu, anatoa bei." Ni kweli. Lakini muchimbaji atamuuliza: ile Metorex ni ya nani? Alikuonyesha kioo cha mashini ao alisoma kwa kinywa tu? Alipima mawe ya juu ya mufuko ao ya chini? Kilo ngapi aliondoa akisema ni maji? Muchimbaji alikuwa amepimisha pengine mbele ya kuja? Maswali matano, na mwanafunzi anagundua kama aliona mikono ya watu bila kuona biashara yao. Hakuna kitabu cha mafundisho kinachoweza kufanya hivyo mu nusu saa.

Nibakie na jambo moja linaloniogopesha. Zamani mutafiti alionekana: viatu safi, kaye, mugeni. Leo anaweza kuingia mu gurupu ya WhatsApp ya wafanyakazi na kunyamaza miezi sita. Watu wanasemea humo kapita, wanasemea mushahara, wanapanga kugoma. Yeye anakusanya. Anaangalia ao anapeleleza? Wengine watamutetea kwa mufano wa Michael Burawoy. Huyo, mwisho wa miaka ya 1960, alifanya kazi mu ofisi ya mambo ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ku Zambia, jirani yetu, na sehemu ya uchunguzi wake aliifanya bila kuitangaza. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilionyesha ginsi ubaguzi wa rangi ulikuwa unapanda ngazi tu: Muzambia akipewa nafasi ya Muzungu, Muzungu anawekwa juu yake tena, na ile nafasi inapungua nguvu. Kazi nzuri, nakubali. Lakini Burawoy alikuwa anaangalia wakubwa, na wakubwa hawawezi kufukuzwa juu ya kitabu. Mu gurupu ya wafanyakazi, picha moja ya maneno ikitoka ikafika mu biro, mutu anapoteza kazi, na watoto wake wanarudishwa toka masomo. Kunyamaza mbele ya wakubwa na kunyamaza mbele ya wadogo si kosa lenye uzito mumoja, na profesa asiyefundisha tofauti hiyo asifundishe.

Basi ule mutu akifika kwenu, musimufukuze. Mumuulize. Nani alikufundisha? Utaandika lugha gani? Utarudi kutusomea yale uliyoandika, mbele ya kuyatoa? Majina yetu utayaficha namna gani? Utakaa mpaka lini? Mwanafunzi muzuri atafurahi na maswali hayo. Atayaandika mu kaye pia, na anafanya vizuri.

Tena asifikiri kama kwetu kuangalia kulikuja na ndege. Mwaka 1965, hapa Lubumbashi, André Yav aliandika "Vocabulaire de ville de Elisabethville", kwa ajili ya chama cha wale waliokuwa maboyi mu nyumba za Wazungu. Jina ni la Kifaransa, maandiko ni Kiswahili chetu. Ni historia ya mji na ya mabwana, kwa macho na masikio ya watu waliosimama nyuma ya meza na sahani mu mukono, na hakuna aliyewaza kama wanasikia. Fabian njo aliitoa mu kitabu mwaka 1990, kisha ikawekwa ku intaneti, bure. Ni herufi tu, haikule mega mingi. Profesa anayetafuta pa kuanzia somo lake la mwaka ujao, awape wanafunzi kurasa tatu za pale, bila tafsiri, awaulize watu wa André Yav waliona nini mu nyumba ya bwana. Wasiojua Kiswahili watafute muchimbaji wa kuwasomea, na wamulipe saa yake.